Ukuta wa Jirani Kamakis

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Tangu mwanangu Neema aanze kutembea sijakugusa. Sina kisingizio. Nimechoka tu.

Leo tena nimeshinda sebuleni. Sebule yenyewe haijajengwa. Kule Kamakis, ghorofa tunayouza bado ni shimo, vyuma na mlinzi. Mimi naijenga kwa kompyuta, kwa programu ile ile ya kutengenezea gemu za watoto, ili mteja abonyeze vitufe atembee ndani, afungue mlango, ageuke aone jikoni. Niliweka vitambaa vya kochi, vya kushonwa kwa mkono kama vya Mama. Kariuki, bosi wangu, akacheka. "Shiru, toa huo ushamba." Nimetoa. Imeniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda Kamakis kupima. Ploti inayofuata, ghorofa ya jirani imeshapanda, nguo zimeanikwa. Itakaa mbele ya dirisha la sebule yetu, karibu kiasi kwamba mtu atampa mwenzake chumvi bila kutoka nje.

Nikarudi ofisini Ruiru nikauchora huo ukuta. Nikarekebisha na jua. Jua la masomo niliyofuata mtandaoni ni la Ulaya, linainama hadi kwa kapeti. Letu saa sita liko utosini. Nikaliweka mahali pake. Sebule ikawa giza.

Kariuki akauliza, "Hilo jengo ni letu?" La. "Basi usimchoree jirani." Akafuta ukuta. Akaniambia nizungushe jua hadi kapeti ing'ae. Nikazungusha. Mtoto anakunywa maziwa, na maziwa ni mshahara huu. Babake alishaoa Kitale, na hilo sitaki kuliandika.

Nilibaki na nakala yenye ukuta. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wateja walikuwa chama cha akiba cha wanawake kutoka Kamenu. Chama cha Mama! Hakuniambia. Aliwaleta mwenyewe. "Ni huyu msichana wangu anachora."

Wakamkalisha kwa kompyuta. Akagonga friji. Akaingia chooni kinyumenyume. "Mama Shiru, huko ni kwa wageni!" Walicheka hadi machozi. Kisha akafika dirishani, akasimama kwa lile jua. "Hapa nitaweka kiti changu. Magoti yangu yapate joto."

Atauza kale kashamba ka Kamenu alipie. Ndiko pekee alikonako.

Nikazima kompyuta.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Baada ya kanisa, kwake Kamenu, tukimwosha Neema. Ukuta, jua, yote.

"Nani aliweka hilo jua?"

Mimi.

"Basi nimwamini nani? Wewe wa jana ama wewe wa leo?"

Akasema sitaki ahame Kamenu kwa sababu huko ananilelea mtoto bure nikiwa kazini. Hilo lilinichoma. Akakusanya nguo za Neema haraka haraka, akazifunga kwa leso, akanipa mtoto. Hakutusindikiza. Mama, ambaye husindikiza hata muuza sukuma wiki.

Nimekuja naye hapa chumbani kwangu Kimbo. Amelia "cucu, cucu", akimwita nyanyake, hadi akalala.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kazini na Neema mgongoni. Kariuki amekunja uso.

Chama kilirudi, tayari kulipa. Mama hakunisalimia. Alimwangalia mtoto, akaangalia pembeni. Kariuki alikuwa nje kwa simu. Nikafungua ile nakala ya zamani.

Mama akabonyeza vitufe, akaenda moja kwa moja dirishani. Ukuta.

"Kwani jioni imefika?" mmoja akauliza.

"Ngai, hii ni stoo ya viazi."

Nikawaambia hii ndiyo nyumba yenyewe, ile ya Jumamosi ilikuwa ya kuuzia. Mama akashika mkoba wake akatoka. Wengine wakamfuata.

Kariuki aliporudi hakupiga kelele. "Kesho usikuje." Nikamwachia laptopu. Neema akaipungia mkono.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kidogo. Nimefua.

Mwekahazina wa chama amepiga simu. Wameamua kutafuta kwingine. Shamba halijauzwa. Nikauliza kama Mama amesema kitu. Hajasema. Nilimwaibisha mbele ya wenzake, najua. Ningefanya tena.

Kazi sijapata. Neema amejifunza kufungua kabati.

Nimeanza ujumbe kwa Mama, sijautuma. Naandika hapa kwanza vitu vya Neema vilivyobaki kwake, nisisahau.

Sweta ya bluu.

Kijitabu cha kliniki, kiko nyuma ya redio.

Kiatu cha kushoto.

Ile blanketi nyepesi, hata kama haijafuliwa.

Kikombe cha kijani. Bila hicho hanywi uji.

Na asitume kwa mtu. Alete mwenyewe.