Kitufe cha kijani

Sumbawanga, Jumanne

Baba, shikamoo. Huku Ufipa upepo ni wa baridi, nashinda na sweta hata mchana.

Nimetumwa kukagua kama wasioona wanaweza kutumia tovuti ya chuo chetu bila kusaidiwa. Leo nilikaa na Mwalimu Deogratias wa kijiji cha Mollo, asiyeona, anayeomba nafasi ya masomo. Mwisho wa kuomba ni leo. Kompyuta ilimsomea fomu kwa sauti, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kizungu, akaijaza mwenyewe. Mwishoni ikamwambia abonyeze kitufe cha kijani.

Akanigeukia. "Dada, kijani kinagusika vipi?"

Maneno hayo niliyaandika mimi, na katika daftari langu la ukaguzi ukurasa ule wa tovuti nimeuwekea "sawa" mara tatu. Nikamwambia nitambonyezea, nikanyoosha mkono.

"Acha. Barua zangu zote hutumwa na watu. Hii naituma mwenyewe."

Nikapiga simu ofisini wakipe kitufe jina ambalo kompyuta italisoma. Tukangoja, tukala ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kipili. Saa tisa ukurasa ulikuwa tayari, akajaza fomu upya tangu mwanzo bila kulalamika. Kompyuta ikasema "Tuma." Akabonyeza, akacheka peke yake.

Nimezifuta zile "sawa" tatu.

Kadi hii nimeiandika kwa herufi kubwa, Baba, uisome bila kumwita Rehema akusomee. Nayakumbuka macho yako kila jioni.

Mwanao, Stella