Kompyuta ya Baba Siku Hizi Inawahi Kuwaka

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba goti linamsumbua, ila ulimi mzima kabisa; jana kamsema jirani mpaka jirani mwenyewe akacheka.

Diski mpya ya kompyuta uliyotuma ilifika salama, ahsante sana. Lakini ndugu yangu, haikuingia! Uliomba picha ya kompyuta, Baba akaifuta vumbi, akaipiga uso kwa uso kama picha ya pasipoti. Kumbe kilichotakiwa ni tumbo, kule ndani diski inakochomekwa. Kompyuta yetu inatumia ule waya mpana kama mkanda, na diski yako ina mdomo mwembamba wa kisasa. Nilitamani kulia.

Maana unajua kilichomo kwenye ile ya zamani: sauti ya Mama, zile hadithi alizokuwa akizirekodi kwa ajili ya wanafunzi wake. Hatuna nakala nyingine. Na diski yenyewe ilikuwa imeanza kugonga, ko, ko, ko, Baba akisikia anashika kichwa.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja tunayemwita Miwani. Alileta adapta ndogo ya kuunganisha diski yako na ule waya wetu mpana. Alituonya mapema kwamba kompyuta ni ya kizee, kasi yote uliyoisifu haitaonekana, ila tofauti tutaiona. Kunakili kulichukua kutwa nzima na Baba hakula. Alikaa kwenye stuli amemkodolea macho Miwani hadi maskini akaomba apewe nafasi ya kupumua. Sauti zote zimehama, hata ile Mama anakatiza hadithi kukufokea uvue viatu vyenye tope.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwasha, kisha anakwenda kuchemsha chai, anarudi, anakunywa, ndipo kompyuta inakuwa tayari? Tulimcheka sana. Basi siku ya kwanza na diski yako, aliwasha, na kabla hajainuka kila kitu kimefunguka. Akabonyeza, Mama akaanza kusoma. Baba akazima upesi, akatoka nje. Nikamfuata nikidhani kuna kilichoharibika.

"Haijaharibika," akaniambia. "Inawahi mno. Ule muda nilikuwa nautumia kujikaza."

Jamani! Tangu tumzike Mama, mimi nilidhani anasubiri mashine.

Usijilaumu lakini, bila zawadi yako sauti ile ingekuwa imepotea. Siku hizi anachemsha chai kwanza, ananiita, tunakunywa polepole, ndipo anawasha. Jumapili ijayo tupigie saa ya chai, na wewe uwepo kabla hajabonyeza.

Msalimie wifi yangu na uwabusu mapacha. Shangazi anakusalimu, na Miwani pia, anasema safari nyingine omba picha ya tumbo. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponicheleweshea majibu.