Mtoto Aliyeliliwa Akiwa Hai

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi Garissa jana kutoka Eldas. Mgongo unauma. Vumbi limeingia hadi kwenye lenzi. Leo kutwa nimehamisha video na kuandika tafsiri chini ya maneno ya Kisomali. Kazi ileile. Shirika la misaada linanilipa nipige picha, nitafsiri, nitume Nairobi. Kukata na kuunganisha ni kazi yao.

Video bora ni ya Deqa. Ukame umemmalizia mbuzi. Mumewe, Abdinoor, yuko mbali, mjini Takaba, dalali wa mifugo sokoni. Deqa alizungumza bila kulia. Binti yao Hodan, miaka minne, alikuwa akivuta mkanda wa kamera yangu na kucheka. Mwembamba, lakini mzima.

Jumatano, 9 Aprili

Brian amepiga simu. Yeye ndiye mhariri wa video Nairobi. Si mtu mbaya. Anasema bosi hajaridhika na Deqa.

"Mtoto anacheka, Saadia. Nani atachangia mtoto anayecheka?"

Nikamwambia ndivyo alivyokuwa. Akasema watatafuta namna.

Jumatatu, 14 Aprili

Rasimu imefika. 

Ni Deqa. Uso wake, mtandio wake wa kahawia, kibanda chake. Analia. Hakulia. Hodan amelala kwenye mkeka, mbavu nje, inzi midomoni. Kisha shuka jeupe linamfunika mpaka usoni. Hakuna kitu kama hicho kilichotokea. Ni AI. Brian ameipa video yangu, akaiandikia anachotaka, nayo ikamtengenezea mtoto anayekufa. Sauti ni ya Deqa kweli, anasema mbuzi wamekwisha. Lakini maandishi ya chini si tafsiri yangu. Yanasema: nimemzika wangu wa pekee.

Nimemwandikia bosi. Amejibu kwamba hiyo ni taswira tu, na mwishoni kutakuwa na maandishi madogo ya kueleza. Kwamba wako watoto wanaokufa kweli. Ni kweli wako. Ndilo linalonikasirisha zaidi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimewaambia waondoe jina langu. Wameondoa. Basi. Ujasiri wangu umeishia hapo.

Mvua imeanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Imetoka. Kabla ya Magharibi ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la shangazi zangu. Yale maandishi madogo mtu ameshayakata. Mama aliitazama akatokwa machozi, akamwombea mtoto rehema. Nikamwambia, hooyo, mtoto huyu yuko hai. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana maiti.

"Nimemwona kwa macho yangu," akasema.

Simu za Eldas hazipatikani. Mnara wa mtandao umezimika tangu mvua ianze.

Ijumaa, 18 Aprili

Pasaka ya Wakristo imeanza. Ofisi imefungwa mpaka Jumanne. Brian yuko kijijini kwao. Anasema hana nywila ya ukurasa, anayo bosi. Bosi yuko likizo pwani, hapokei simu. Nimemwandikia mpaka vidole vimechoka. Chini ya video watu wanaandika inna lillahi, mmoja baada ya mwingine. Watu wazuri. Wanamlilia mtoto anayecheza matopeni.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi mwanamke amegonga mlango kwa ngumi. Khadija, dada yake Abdinoor, anauza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Ameambiwa mpiga picha aliyekwenda Eldas ni mimi.

"Mmezika mtoto wetu, mkapiga picha, na baba yake hamkumwambia?"

Nikamkalisha. Nikamwonyesha video yangu halisi. Hodan anacheka, anavuta mkanda. Khadija akagusa kioo kwa kidole.

"Sasa ya uongo ni ipi?"

Swali la haki. Sikuwa na la kuonyesha zaidi ya hilo. Nikaapa kwa Allah. Akaniamini, nadhani kwa sababu nilikuwa nalia kuliko yeye.

Tukampigia Abdinoor. Hapatikani. Khadija akampigia mwenye duka anakolala Takaba. Yule akasema Abdinoor alionyeshwa video jana baada ya swala ya Ijumaa. Hakula. Leo alfajiri amekodi pikipiki kwenda Eldas. Alisema anataka kulifikia kaburi kabla mvua haijalisawazisha.

Khadija amekaa kwangu mpaka jioni. Tumepiga simu kwa zamu. 

Jumapili, 20 Aprili

Hakuna habari. Mvua kutwa. Namchukia bosi. Namchukia Brian. Kisha nakumbuka video niliituma mimi.

Jumatatu, 21 Aprili

Abdinoor amekufa.

Laga, ule mto wa msimu njiani kwenda Eldas, ilikuwa inateremsha maji. Mwenye pikipiki alikataa kuvuka, akamsihi wangoje yapungue. Abdinoor akavua viatu akaingia. Wamempata leo, mbali kule chini, amenaswa kwenye miti. Maji yalipopungua, mwenye pikipiki ndiye aliyepeleka habari Eldas. Deqa alikuwa amekaa mlangoni na Hodan mgongoni. Ndipo akasikia kwa mara ya kwanza kwamba binti yake alikuwa amekufa, na kwamba mumewe amekufa akimfuata.

Mnara wa Eldas umewaka tena leo, wakampigia Khadija, naye ndiye aliyenipigia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumanne, 22 Aprili

Video imeondolewa kwenye ukurasa. Kwenye simu za watu bado ipo, na hakuna wa kuiondoa huko. Bosi ametuma pole. Ameandika "kutoelewana". 

Nimeacha kazi. Mama ameuliza tutakula nini. Sijui.

Jumamosi, 10 Mei

Eldas, pamoja na Khadija. Nyasi zimeota kila mahali. Ngamia wananenepa.

Deqa yuko kwenye eda, amevaa nyeupe. Nilidhani atanifukuza. Alitandika mkeka. Nikamweleza yote, kuanzia nilipoituma video mpaka nilipoomba jina langu liondolewe. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kama mashine ile ilijua ana mume. Nikasema mashine haijui kitu.

"Na hao walioituma kazi?"

"Hawakuuliza, abaayo, dada yangu."

Aliuliza kama nami sikuuliza. Nikasema mimi nilijua ana mume.

 Khadija akamimina chai. Kisha Deqa akasema binamu yake wa Wajir amejitolea kuchukua picha ya Abdinoor na kuifanya iongee, imsalimie Hodan kwa jina. Akataka kujua kama jambo hilo linawezekana kweli. Nikasema linawezekana, na linachukua muda mfupi tu.

"Mwambieni asifanye," akasema, akimtazama Khadija, si mimi. "Mtoto bado anaikumbuka sauti ya baba yake. Kidogo tu. Asichanganyiwe."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba.

Tukaswali Alasiri. Hodan akaingia na matope mpaka magotini, akajitupa mapajani mwa mama yake. Deqa akamfuta miguu kwa pindo la nguo nyeupe, mmoja, kisha wa pili.