Winchi Niliyoiita Kitheka

Mpendwa mshauri, Bibi Mwanamisi, isome barua hii pole pole maana mwenye kuiandika amechoka hata kujieleza, mimi ni seremala hapa Thika, kazi yangu ni kabati za jikoni, zile za kutundikwa ukutani juu ya meza ya kupikia, na kwa miaka mingi nimeifanya na mwenzangu Kitheka, Mkamba wa Kangundo, yeye akiinua na mimi nikifunga skrubu, na nakuambia sijaona mtu wa kuinua kama yeye, alikuwa akiipachika kabati juu ya kichwa na kuishika kwa viganja viwili, nikitaka kusema kidogo kushoto yeye ameshasogea. Jina langu liandike wazi gazetini, ni Kang'ethe, sina haki ya kulificha baada ya kulichezea la mwenzangu.

Na huyu si mwenzangu wa kazi tu, Bibi, wakati nilipochukuliwa na askari wa serikali kwenda kuchunguzwa kama nimekula kiapo cha watu wa msituni, tukafungiwa ndani ya waya Wakikuyu wengi, Kitheka ndiye aliyekuwa akimpelekea mke wangu Waithira unga na kuni, askari wakamuuliza yeye Mkamba anatafuta nini huko, akawajibu amekuja kwa mama yake, na tangu siku ile mimi humwita muru wa maitu, yaani mwana wa mama yangu, sina ndugu mwingine ninayemwita hivyo kwa moyo.

Basi kule Ruiru, katika nyumba mpya ya shamba moja la kahawa, tulikuwa tukitundika kabati ya sahani, mbao yake mvule, na mvule kama hujawahi kuibeba mshukuru Mungu, skrubu ya kwanza ikakataa kushika, nikamwambia ngoja kidogo muru wa maitu, nikashuka kutafuta nyingine, naye akangoja, akangoja na mzigo wote juu yake, bega la kulia likatoka mahali pake tukalisikia wote. Hospitali walilirudisha, lakini daktari akasema mkono ule hautapanda tena kupita kifua.

Mimi nikakaa nikawaza, mtu asiyeweza kuinua kwa bega atainua kwa nini, nikaanza kutengeneza winchi ya mbao, kitu cha kubebwa na watu wawili na kupita mlangoni, nguzo mbili zenye mfereji, katikati kitanda kidogo cha kulazia kabati, waya wa chuma unaopanda kwenye kapi juu na kushuka mpaka kwenye mpini wa kuzungusha, na kwenye mpini nikafunga gurudumu la meno la baiskeli kuukuu, lile linalokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma, ili mtu akiachilia mkono mzigo usimwangukie mwenzake. Shida ikawa meza ya kupikia, meza iko chini ya kabati kwa hiyo miguu ya winchi haifiki ukutani, kitanda lazima kinyooke kupita juu ya meza, na kikibeba mzigo winchi yote inainama mbele inataka kuanguka. Nikaifungia kibao kipana upande wa nyuma, mtu asimame hapo akizungusha mpini na uzito wake uikalishe winchi chini. Mpini niliuweka kushoto kwa sababu mkono wake mzima ndio huo, na kimo chake nikakipima kwenye kifua, si changu, chake, yeye ni mrefu kunishinda. Sikumwambia neno, nilitaka siku atakaporudi aikute tayari.

Lakini kazi haikungoja apone, nikaanza kuitumia peke yangu, pale kwenye kibao chake nikaweka gunia la mchanga, nazungusha kwa mkono wa kushoto nisiouzoea, nakimbia mbele kufunga skrubu, kabati imepinda, nakimbia nyuma tena, jasho linanitoka, na kwa upweke nikaanza kusema na ile winchi, haya Kitheka inua, shikilia hapo Kitheka, kama nilivyozoea kusema naye, na kwetu Wakikuyu jina la mzee hupewa mtoto hali mzee mwenyewe angali anatembea, sikuona ubaya wowote. Wapaka rangi wakalidaka, mpishi wa nyumba ile, Faki, naye akalidaka, ikawa Kitheka yuko jikoni, Kitheka atiwe grisi, Kitheka leo analia lia, tunacheka. Hata kontrakta aliyetuandika kazi alikuja kutazama, akasimama mlangoni mikono mfukoni akauliza hii inataka watu wangapi, na kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama nikasema hata mimi peke yangu natosha bwana, akaitikia kwa kichwa akaenda zake, hayo ni mambo madogo, kubwa ni lililofuata.

Siku moja Faki ameleta chai, akaniuliza kwa mzaha, "Kang'ethe, na huyu Kitheka wako nimtilie kikombe?" Nami, Bibi, nikajibu kwa sauti kubwa ili wapaka rangi wa chumba cha pili wasikie, "Wachana na yeye! Kitheka hii ni mzuri kuliko ile ingine. Haikuli, haikunywi, haichoki, na bega yake haitoki!" Watu wakacheka mpaka Faki akamwaga chai. Halafu Faki akatazama chini, nikageuka nikamwona Kitheka mlangoni, mkono umefungwa kwa kitambaa, amepanda lori la kontrakta kuja kunisalimu.

Hakupiga kelele. Aliizunguka ile winchi akaitazama, akaligusa gunia kwa kidole cha mguu. Akasema, "Hiyo jina nilipewa na baba yangu. Wewe umepatia mbao. Sasa mimi nitaitwa nani?"

Nikasema, "Ngai, muru wa maitu, ni mchezo tu."

Akasema, "Mimi naona hapa mumetosha. Hakuna nafasi imebaki." Akaondoka kwa miguu, Ruiru mpaka Thika, na lori lilikuwa pale pale.

Jioni kontrakta akanifahamisha kwamba hatamwandika tena Kitheka, eti si mimi mwenyewe nilisema natosha. Tangu hapo nimekwenda kwake mara nyingi na mlango hufunguliwa nusu na mke wake, Mama Nduku, ambaye zamani alikuwa akinivuta ndani kwa mkono. Mara ya mwisho aliniambia, "Analala akiangalia ukuta. Chakula nikimpea anapea kuku. Anasema turudi Kangundo, na kule shamba ndugu zake walishagawana, hata pahali ya kujenga choo hakuna. Tutaenda kukaa kwa nani, Kang'ethe? Si wewe ni rafiki yake, niambie." Nyuma yake niliona vyombo vimefungwa kwenye shuka.

Wakishaondoka sitamwona tena, maana sisi Wakikuyu siku hizi hatutoki kwenda wilaya ya watu bila kibali, na hakuna ofisi inayotoa kibali cha kwenda kuomba msamaha. Waithira ameniambia, "Huyo alituletea unga mbele ya bunduki, na wewe umemwita mbao," na hasemi nami tena isipokuwa kunitajia chumvi imekwisha. Nikishika randa naiweka chini tena, nikiiona ile winchi natamani ardhi inimeze. Bibi, nimekwisha, sioni mlango wowote, nimefikiria kuichukua winchi nyuma ya nyumba niipasue kwa shoka, niichome, nimpelekee majivu aone nilivyojuta, au niache kazi, au ninyamaze tu aende, maana kilichovunjika hivi sijui gundi yake. Niambie neno moja tu, niichome?

Ni mimi Kang'ethe, seremala, Thika.

*

Ndugu Kang'ethe,

Weka shoka chini kwanza. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako mbele ya za wenzio waliokutangulia, na watanisamehe, kwa kuwa zao zinaweza kungoja na vyombo vya Mama Nduku vimeshafungwa.

Nilipoisoma nilikuhurumia. Nikaisoma tena, huruma ikapungua. Mbao ilimtukana nani? Ukiichoma, majivu hayo Kitheka atayafanyia nini, atayala? Wataka akuone unavyoumia, bwana, na huyo mtu ana maumivu yake yanamtosha. Usimpelekee na yako ayabebe kwa bega moja.

Sasa sikiliza. Waya na kapi umenieleza mpaka nimeelewa mimi nisiyejua kupiga msumari. Lakini ulipofika kwa kontrakta ukapita mbio, ukaniambia ni mambo madogo. Madogo! Hapo ndipo ulipomtoa mwenzako kazini, kabla hajafika mlangoni na kitambaa chake, kabla Faki hajaleta chai. Mzaha wako ulimchoma moyo, lakini jibu lako kwa kontrakta ndilo lililomkosesha unga. Tena lilikuwa uongo mtupu. Mtu anayetosha peke yake hakimbii mbele na nyuma mpaka jasho linamtoka, wala haweki gunia la mchanga mahali pa binadamu. Ulitaka kusifiwa mbele ya wapaka rangi. Ulisifiwa. Umeonaje?

Sikatai kwamba wampenda. Mpini wa kushoto nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nililia, sikufichi. Lakini yeye aujulie wapi? Wema wako ulimfichia, eti iwe ajabu siku atakaporudi, na kejeli ukaipigia kelele nyumba nzima. Amesikia ulichosema na ameona gunia. Ningekuwa yeye, hata mimi ningelala nikitazama ukuta.

Fanya hivi, na uanze leo utakapoimaliza kahawa unayonywa huku wasoma gazeti. Nenda kwa kontrakta, umwambie hadharani kwamba ulimdanganya, kwamba winchi hiyo ni ya watu wawili, mmoja nyuma na mmoja mbele, na asiposadiki ondoa gunia uzungushe mbele yake aone inavyoanguka. Akikataa, nawe uamue kama utabaki kwa mtu aliyemwachisha kazi ndugu yako kwa neno lako. Hilo siwezi kukuamulia, una mke wa kulisha.

Kisha usiende kwa Kitheka peke yako kama mwizi, kunong'ona kwenye mlango ulio nusu. Ulimvunjia heshima mbele ya watu, basi umheshimu mbele ya watu. Mchukue Faki, aliyecheka na wewe, na kama kuna mpaka rangi mwenye haya mchukue naye. Umesema winchi hubebwa na watu wawili. Ibebeni mpaka uani kwake, bila gunia, na kile kibao kikiwa kitupu. Usimwambie apande. Usimwambie ilikuwa mchezo, neno hilo ukilitamka tena nitakuja Thika mwenyewe. Mwambie tu, "Nilisema uongo, siwezi peke yangu, na mpini huu niliupima kwenye kifua chako." Ukishasema hivyo funga mdomo, hata akinyamaza mpaka jua lipotee.

Huenda asikusamehe. Nakuambia mapema ili usije ukaniandikia tena ukinilaumu. Huenda atoke, autazame mpini, arudi ndani. Akifanya hivyo, msaidie Mama Nduku kubeba vyombo mpaka barabarani, umwandikie Waithira wako neno zuri kwa matendo kwa kuwa la mdomo halina bei nyumbani kwako, na uishi na ulilolifanya. Wako wengi wanaoishi hivyo. Si raha, lakini watu huishi.

Jambo la mwisho ni lile aliloliuliza yeye na wewe hukumjibu. Alikuuliza sasa ataitwa nani. Njiani, mtu akiwauliza mnabeba nini, mwambieni ni winchi. Jina la Kitheka usilitamke hata kidogo mpaka ufike mlangoni pake, na hapo uliite kwa sauti ile ile uliyowachekeshea wapaka rangi. Haraka, angali Thika. Ukiliita jina hilo huko naye yuko Kangundo, kitakachokuitikia ni mbao.