Asimwe Bado Yumo Kwenye Maandalio

Ma Koku,

Umeniachia kazi mbaya. Tangu tukuzike kibanjani kwenu Kishanda, mimi ndiye mwalimu wa taaluma hapa Ijumbi. Kila Ijumaa maandalio ya somo yanarundikwa mezani kwangu kama yalivyorundikwa kwako, na kila Ijumaa nakusema vibaya. Nisamehe. Siyo vibaya sana.

Hata msibani hukupona. Mwalimu mkuu alisimama akasema ulihakikisha watoto wote "wanaelewa." Wanaelewa! Nilikusikia kabisa ukimuuliza kutoka ndani ya jeneza: "Utajuaje, waitu, ndugu yangu?" Swali hilo uliniandikia kwa wino mwekundu miaka minne, kila nilipoandika lengo langu lilelile, "wanafunzi waelewe vipimo vya urefu." Nilikuchukia, Ma. Mtu darasa limemfurika, chaki imemwishia, wewe unataka kujua atajuaje.

Malengo yako wewe hukuyaandika kama tulivyofundishwa chuoni. Ulimchagua mtoto anayesuasua kuliko wote ukamtaja kwa jina: "Kengele ikigonga, hata Asimwe aweze kupima mistari mitatu kwa rula na kuandika urefu wake bila kusaidiwa." Ulisema Asimwe akiweza, darasa limeweza. Asipoweza, usiseme umefundisha.

Sasa sikia walichokufanyia. Baada ya mazishi walimu waliyapiga picha maandalio yako yote, wakayatuma kwenye kundi letu la simu, eti tumuenzi Ma Koku. Kuenzi kwenyewe ndiko kunakili neno kwa neno. Wiki iliyopita nilisoma maandalio sita kutoka kwa walimu watatu, na yote sita yana "hata Asimwe." Asimwe yuko kidato cha pili Nshamba! Ana sauti nzito kama baba yake! Na anaendelea kupimishwa mistari darasa la nne kila wiki, masikini, bila hata yeye kuwapo.

Nilifoka ofisini mpaka chai ikapoa. Nilipotulia, Mwalimu Byera, yule kijana uliyempokea mwaka wake wa kwanza, akaokota andalio moja kwenye rundo akaniuliza kwa adabu, "Na hili je, Mwalimu?" Lilikuwa la kwangu. Wala sikunakili kwa kukuenzi. Nilikuwa nimechoka tu. Aibu ile bado inaniwasha.

Basi siku iliyofuata nikaandika jina jingine: hata Nyamwiza. Huyu hukaa karibu na mlango, hana usumbufu. Nikiuliza "Tumeelewa?" yeye ndiye huitikia "Ndiyooo!" kuwashinda wote, na mwaka mzima nimeridhika na itikio hilo. Nikampa mistari mitatu. Wa sentimita kumi akaandika kumi na nne. Wa tano akaandika tisa. Wa sita akaandika kumi.

Nikainama kumtazama anavyofanya. Rula yake imevunjika, Ma. Inaanzia kwenye nne. Anaiweka vizuri kabisa, anasoma namba ilipoishia mstari, anaandika. Hakuna aliyewahi kumwambia atoe nne. Daftari lake limejaa alama za kukosa nilizoziweka mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kumtazama mikono hata siku moja. Nilikuwa namhesabu miongoni mwa wazito.

Kengele ikagonga tukiwa katikati ya kuelezana. Akakimbilia nyumbani, mimi nikabaki darasani nimekushikia hasira. Uliniambia namna ya kujua. Hukuniambia kwamba mtu akishajua, hawezi tena kufunga daftari akaenda zake kula. Hilo ungeninong'oneza hata ukiwa kitandani hospitalini Bukoba, siku ile nilipokuletea uji ukaishia kunirekebishia kitenzi.

Nimekukumbuka, Ma. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Lala sasa. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda mstarini, nitakaa na Nyamwiza na kipande chake hicho cha rula, mistari mitatu mipya, na sitamuuliza kama ameelewa. Akikosa, kwenye sehemu ya tathmini nitaandika kwamba aliyeshindwa ni mimi, na nitasaini.

Mbishi wako,
Kemilembe