Wali wa Mama Aliyebaki Hamhung

Ijumaa, 4 Oktoba 2019

Sokcho, Korea Kusini. Mwaka wa sitini na tisa tangu niondoke Hamhung, kaskazini. Mama alibaki kizingitini: siku chache tu, mwanangu, vita vikipita utarudi. Kisha mpaka ukafungwa. Ndiyo maana nyumba hii sikuipaka hata rangi. Mpita njia hapaki rangi.

Leo sinema ya bure, ukumbi wa wazee. Man-seok, jirani yangu, alinisukuma mbio kwenye kiti cha magurudumu, akipiga honi kwa mdomo. Ana miaka hamsini na minane, akili ya mtoto wa miaka saba. Ananiita kaka ingawa ningeweza kumzaa. Filamu — ati ya kuchekesha! Marafiki wawili, mmoja hatembei, mwenzake akili nzito, ndugu wanataka kuwatenganisha. Mama mmoja akaondoka bila kugeuka. Man-seok akasimama: "We mama! Rudi! Mtoto hajala!" Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Mimi nilikikodolea macho kile kisogo mpaka taa zikawashwa. Nakijua: ndicho mama alichokiona nikiondoka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Alfajiri nimesikia tena sufuria ikifunikwa jikoni, kama mama alivyoifunika. Man-seok alikuwa usingizini.

Kisha Bi Yeo wa ustawi wa jamii. Dada aliyemlea Man-seok alifariki kiangazi; tangu hapo analala kwangu. Sasa atapelekwa makao ya walemavu mjini Chuncheon, isipokuwa apate mwenyeji mwenye makazi ya kudumu. Msaidizi wataleta wao. "Mzee Tak, wewe je?"

Nikasema makazi yangu yako kaskazini. Akatabasamu kwa adabu. Basi Jumanne atamchukua.

Man-seok alikuwa akimenya vitunguu saumu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tisa ya mwezi wa tisa, kalenda ya zamani. Leo majirani huwaandalia chakula wazazi ambao siku yao ya kufa haijulikani. Mimi, kamwe. Ukimwandalia mtu, umemzika.

Natoka chooni — meza! Wali, supu, ngisi aliyejazwa. Na kijiko kimechomekwa wima katikati ya wali, kama wa marehemu. Nilifoka: nani kakuambia mama yangu amekufa?

"Sijui kama amekufa, Kaka. Lakini ana njaa. Hujampa hata siku moja."

Angekuwa na miaka mia na kumi na mitatu.

"Na supu inapoa. Mwambie afanye haraka."

Nikainama. Magoti yangu hayakunjiki. Man-seok alinishika kiunoni nisianguke, kisha akapiga magoti kwa niaba yangu, mara mbili, kwa kishindo. Baadaye nilitega sikio. Jikoni kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko sufuria.

Jumanne, 8 Oktoba

Bi Yeo amefika, anavua viatu. Man-seok yumo kabatini, miguu nje. "Simo!" anapiga kelele. Bi Yeo ameuliza tena: mzee, unakaa hapa moja kwa moja? Nimemwomba anisubiri nitafute miwani. Naandika kwanza, nione kama mkono utakubali.

Sirudi Hamhung.