Nilinyamaza Barazani, Baba

Baba,

Nilishinda. Nataka usikie hilo kwanza, maana mengine yote niliyonayo hayafurahishi. Binti yako ni diwani wa kata. Siku matokeo yalipobandikwa pale shuleni, jirani yetu Mama Upendo alininyanyua juu kama mtoto, yeye na mgongo wake mbovu, akanizungusha uwanjani huku akipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nalia. Watu walidhani ni furaha. Wewe ulikuwa na siku kumi na tatu kaburini.

Wengi walinipigia kura kwa sababu yako, na hawanifichi. Wanakumbuka ulivyozunguka nami nyumba kwa nyumba mwezi wa saba, wakati wa kura za maoni, ukungu umelala mpaka saa nne asubuhi, wewe na lile koti lako na mabuti ya mvua, unakohoa mlangoni kabla ya kuwasalimu "Kamwene." Nilikuomba ubaki nyumbani uote moto. Ukasema, "Wanakujua wewe ni mwanangu. Waache waone kwamba na mimi nakukubali." Kikohozi kile hakikuisha tena. Tulikupeleka hospitali ya Tosamaganga, ukakaa wodini siku tisa, na siku ya mwisho uliniuliza kama nimeshapata mawakala wa kusimamia kura. Hilo ndilo jambo la mwisho uliloniuliza duniani. Mawakala.

Nakukumbuka pia kwenye mkutano wako wa mwisho. Walikupa kipaza sauti ukakishika mbali na mdomo, watu wakapiga kelele, "Karibu, mzee, weka karibu!" Ukasema maneno mawili tu: "Huyu hatawauza." Ukakirudisha. Baba, siku hizi nayachukia maneno hayo.

Unajua nilichoahidi. Wagombea wengine waliahidi lami. Mimi niliahidi vinyungu. Nilisema hakuna mtu atakayefukuzwa bondeni mimi nikiwa diwani, kwa sababu bustani zile za majimaji ndizo zinazotulisha mashamba ya juu yakishakauka, na ndizo zilizonisomesha. Nilieleza jukwaani jinsi tulivyomwagilia kwa kopo la rangi, wewe ukifungua mfereji kwa jembe, mimi nikiuziba kwa miguu. Sikueleza kwamba ukichoma hindi ulinivunjia pale katikati penye punje kubwa, wewe ukabaki na ncha. Hayo yalikuwa yetu.

Baada ya kuapishwa tulipelekwa Mbeya kwenye semina ya madiwani wapya. Nililala kwa shangazi, Ilomba, asubuhi naenda ukumbini kwa bajaji. Tuligawiwa vishikwambi na mikoba. Mtaalamu mmoja akatuonyesha ramani ya mito yetu jinsi inavyoshuka kutoka milimani mpaka kwenye mabwawa ya umeme. Akasema maji yanayoishia kwenye vinyungu ni taa zinazozimika mijini. Akasema diwani mzuri anaitazama nchi kwanza, kata yake baadaye.

Sisemi alidanganya. Mto umepungua, wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika kwamba zamani usingeuvuka bila kulowa kiuno. Lakini nilinyoosha mkono. Nikauliza, "Kwetu nyumba nyingi bado zinawasha koroboi. Hao watakula nini wakati wanazisubiri hizo taa?" Ukumbi mzima ukacheka. Saa ya chai mbunge wetu akanivuta pembeni, akaniwekea mkono begani. "Yusta, mwanangu, swali zuri sana. Ila haya mambo ya kitaifa yana utaratibu wake. Usianze kazi kwa kujulikana mkorofi." Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Asante, Mheshimiwa." Nikamaliza chai yangu na sambusa mbili.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu nilipoanza kuandika.

Baraza la kwanza la madiwani baada ya semina lilikuwa na ajenda ya kuondoa kilimo chote ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Jana yake chama kilituita, tukaambiwa msimamo ni mmoja. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili kwa mkono. Sikuwa napinga sheria. Nilitaka kuomba mambo mawili: watu wasubiriwe wavune, maana mahindi yalishaanza kutoa ndevu, na kipimo kiwe kimoja kwa kila aliye kando ya mto. Basi. Hata mtoto wa darasa la tano angeweza kuyasoma yale.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna mchango?" Nilimtazama mbunge, alikuwa anasoma simu yake. Nikazitazama karatasi zangu. Mikono ilikuwa juu ya karatasi, Baba, na haikunyanyuka. Sijui nikuambie nini. Sikuwa na homa, hakuna aliyenitisha wala kunizuia. Niliogopa kuchekwa tena. Ndiyo hivyo tu.

"Wanaoafiki?"

"Ndiyoo!"

"Wasioafiki?"

Kimya. Na mimi nilikuwa ndani ya kile kimya.

Jumanne asubuhi mgambo wakaja na mapanga. Niliagizwa niwepo ili niwatulize wananchi. Nilivaa buti zako, sijui kwa nini, zinanipwaya. Wakaanza na kinyungu chetu. Mimi mwenyewe nilimwomba mkubwa wao waanzie kwetu, nikidhani itasaidia. Haikusaidia kitu. Mahindi yako, yale uliyoyapanda kabla hujalala, yalianguka mstari kwa mstari, na watu walikuwa wamesimama ng'ambo wananiangalia mimi, hawaangalii mapanga.

Walipofika kwa Mama Upendo, akawazuia kwa mkono. "Acheni. Nimepanda mwenyewe, nitang'oa mwenyewe." Akainama. Aling'oa maharage yake shina kwa shina, bila haraka, akiyalaza chini kwa mpangilio kana kwamba atayapeleka mahali. Kijana mmoja wa mgambo akageuka akatazama pembeni. Nilishuka nikainama nimsaidie. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba yako alituambia hutatuuza. Hakutuambia kwamba utanyamaza. Toka kwenye shamba langu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa! Mama Upendo, aliyenibeba mgongoni wakati Mama amelazwa.

Sikuweza kurudi barabarani walikokuwa wengine, nikafuata mto kwenda juu, natembea tu. Baada ya kona ya pili nikasikia pampu. Unalijua lile shamba kubwa la parachichi la mwekezaji. Miti imeshuka mpaka ukingoni, Baba, mita sitini ziko wapi, hata sita hazifiki, na bomba limezama mtoni linavuta. Hakukuwa na mgambo hata mmoja. Mlinzi akaniamkia vizuri tu. Nikamuuliza, akasema, "Hawa wana kibali, mama." Nikampigia mbunge nikiwa nimesimama palepale, pampu ikisikika. Akasema, "Hilo ni suala la uwekezaji, Yusta. Liko ngazi ya taifa. Wewe shughulika na kata yako."

Kinyungu cha Mama Upendo kilipotakiwa kung'olewa kilikuwa cha taifa. Nikitaka kulisema shamba la tajiri, narudishwa kwenye kata. Nimejifunza siasa, Baba. Imenichukua muda mfupi.

Mama anakusalimu. Hajambo, ila kwaya ameacha. Anasema sauti imeisha. Siyo kweli, anaimba jikoni akidhani sipo. Wanawake wenzake wanahama benchi akikaa, na chanzo ni mimi.

Baraza lililofuata niliinuka. Waliposema tuthibitishe muhtasari wa kikao kilichopita, nilinyoosha mkono kabla moyo haujapata nafasi ya kunishauri. Nikasema, "Muhtasari unasema wajumbe wote waliafiki. Mimi sikuafiki. Mimi nilinyamaza kwa woga. Naomba iandikwe hivyo. Na naomba iandikwe kwamba juu ya mto kuna shamba ambalo halijapimwa na mtu." Wakacheka, kama nilivyojua watacheka. Mwenyekiti akasema kunyamaza ndiyo kuafiki, akaomba muhtasari uthibitishwe kama ulivyo, na ukathibitishwa. Hakuna neno langu hata moja lililoingia. Magari yakaondoka, kila mtu na mkoba wake.

Mbunge hapokei tena simu zangu. Chama kimeniandikia barua nifike kwenye kamati ya maadili Alhamisi. Wanasema nimekwenda kinyume na msimamo. Watu wa kijijini nao wanasema nimechelewa, na hao wana haki.

Najua ungesema nini, na usiseme. Usinifariji. Ndiyo nafuu pekee ya kukuandikia wewe, kwamba huwezi kunifariji. Wakati mwingine nakukasirikia. Ulinisukuma kwenye jambo hili kwa mapafu yako mwenyewe, ukaenda zako kabla hujaona ni la namna gani, ukaniachia watu waliokuamini wewe.

Alhamisi nitakwenda. Sitaomba radhi kwa kamati. Wakinivua udiwani, wanivue, wakiniacha, nitauliza habari za lile shamba kila kikao mpaka wachoke kucheka. Siahidi kwamba nitashinda. Nimeacha kuahidi hivyo.

Ahadi ninayokupa ni nyingine, na ni ngumu kuliko kamati. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa Mama Upendo. Sitampelekea sukari wala khanga, nitakwenda mikono mitupu, nimwambie niliogopa. Akinifungia mlango, nitakwenda Jumapili inayofuata, na nyingine.

Kwako sitaki msamaha, Baba. Wewe ungenipa haraka mno. Pumzika. Mimi nina mlango wa kubisha.

Mwanao,
Yusta